Kuungua kwa Vitabu vya Ibn Lahia

Wasomaji wetu wengi wajua ya kuwa hadithi za Mtume Muhammad hutangulizwa na isnadi, yaani mfululizo wa majina: fulani alimsikia fulani, naye alimsikia fulani. Walakini si wengi, twadhani, waliopata kujua jinsi maulamaa wa Kiislamu walivyowapima watu hao. Ibn Sirin wa Basra, aliyekufa mwaka 729, alieleza kwamba hapo kwanza watu hawakuuliza habari za isnadi. Ilipotokea fitina ndipo walipotaka majina ya wasimulizi.

Kwa kila msimulizi huulizwa mambo mawili. La kwanza ni uadilifu wake, yaani dini yake na ukweli wake. La pili ni udhabiti: je, ameyahifadhi aliyoyasikia, moyoni au kitabuni, hata ayatoe kama alivyoyapokea? Mtu aweza kuwa nalo la kwanza akalikosa la pili, na hapo hukumu huwa nzito, kwani ni vigumu kumkataa mtu mwema.

Hayo ndiyo yaliyompata Abdallah bin Lahia, aliyekuwa kadhi wa Misri, naye alikuwa amekusanya hadithi nyingi mno za nchi ile. Miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 790, vitabu vyake viliungua moto. Tangu hapo alisimulia kwa moyo, akachanganya. Husimuliwa pia kwamba watu walimjia na kitabu wakidai kuwa yaliyomo ni hadithi zake, naye akawasomea. Alipolaumiwa, akajitetea kwamba hana la kufanya. Nasi tunaokusanya habari za wazee twamfahamu mzee wa namna hii, asiyependa kumrudisha mgeni mikono mitupu.

Je, atupwe? Yahya bin Main, aliyekufa mwaka 848, alimhesabu dhaifu kabla ya moto na baada yake. Wengine waliuliza swali lililo jembamba zaidi: ni nani aliyemsikia, na lini? Ibn Hajar, aliyekufa mwaka 1449, alimwita mkweli aliyechanganya baada ya vitabu kuungua, akayaona yaliyopokewa na Abdallah bin Mubarak na Abdallah bin Wahb kuwa sawa kuliko ya wengine. Twaipenda hukumu hii, maana haikumwonea mtu wala haikuificha kasoro yake. Naye Muslim, aliyekufa mwaka 875, amempokea mahali pachache tu katika kitabu chake, na hapo hakumwacha asimame peke yake, bali alimtia pamoja na msimulizi mwingine.