SEHEMU YA 4: Si mwili wa mtoto uliozoea dawa

Tunaendelea na mfululizo wetu wa dawa za watoto. Leo ni historia, na ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri, hata kama unanyonyesha huku unasoma.

Kuna maneno nayasikia mara kwa mara wodini: "Nesi, huyu wangu amoksilini haimfanyi kitu, mwili umeshaizoea." Naelewa kwa nini unasema hivyo. Lakini mwili wa mtoto hauizoei antibayotiki. Mara nyingi dawa haikusaidia kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa wa virusi, na antibayotiki haiui virusi. Na pale ambapo ni bakteria kweli na dawa imeshindwa, aliyebadilika ni bakteria. Tofauti hii ni kubwa, maana bakteria hakai kwa mtoto mmoja. Anahamia kwa mdogo wake, kwa bibi, kwa kichanga cha jirani ambaye hajawahi kuonja dawa hiyo hata tone.

Tuanze na dawa yenyewe. Amoksilini, ampisilini, kloksasilini, hata ile sindano ya seftriaksoni, zote ni ukoo mmoja, ukoo wa penisilini na binamu zake. Bakteria ana ukuta unaomzunguka, na ndani yake kuna mafundi wanaoujenga kila siku. Dawa hizi zinafanana na kipande cha ukuta. Fundi anakishika akidhani ni tofali, kinamganda mkononi, kazi inasimama. Ukuta unabaki na matundu, maji yanaingia, bakteria anapasuka. Seli zetu hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana dawa inamuua yeye na kutuacha sisi.

Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's jijini London, Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta sahani yake moja ya bakteria imeota ukungu, na bakteria waliokuwa karibu na ukungu wamekufa. Ila hakufanikiwa kuitoa dawa ikiwa safi. Kazi hiyo ilikuja kufanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Mei 1940 waliwaambukiza panya 8 bakteria wakali, wakawapa dawa 4 tu. Kulipokucha, wanne wasiopewa walikuwa wamekufa. Wanne waliopewa walikuwa hai.

Sasa sikia hii, maana watu wengi hawaijui. Desemba 1940, Chain na mwenzake Edward Abraham walitangaza kwamba kuna bakteria wanaotengeneza kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Kifikirie kama mkasi: kinakata ule mviringo mdogo ulio katikati ya dawa, na dawa ikikatwa hapo haina kazi tena. Wakati huo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekuwa ametibiwa na penisilini ya Oxford. Yaani mkasi ulikuwepo kabla ya tiba. Haishangazi, kwa sababu ukungu na bakteria wamekuwa wakipigana udongoni tangu enzi na enzi.

Februari 1941 akatibiwa polisi mmoja wa Oxford, Albert Alexander, aliyekuwa na uambukizo mbaya uliosambaa usoni na mwilini. Akaanza kupata nafuu, akala chakula. Dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba mkojo wake ulikusanywa ili dawa iliyotoka nao itolewe tena. Bado ikaisha. Uambukizo ukarudi, akafariki mwezi Machi. Mwaka uliofuata, Marekani, mama mmoja aitwaye Anne Miller, ambaye naye alikuwa nesi, alipata uambukizo kwenye damu baada ya mimba kuharibika. Homa ilimwaka kwa wiki kadhaa. Machi 1942 akachomwa penisilini, homa ikashuka. Aliishi hadi 1999, akafariki akiwa na miaka 90.

Mwaka 1945 Fleming alipokwenda kupokea tuzo ya Nobel, alitoa onyo kwa mfano wa familia. Baba anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo isiyotosha kuua bakteria, ila inayotosha kuwafunza. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, dawa inashindwa, mama anafariki. Ulikuwa mfano tu, lakini ona alichagua nani afe: yule ambaye hakukosea kitu.

Haikuchukua muda. Katika hospitali ya Hammersmith, London, daktari Mary Barber alipima bakteria wa majipu, stafilokoka, waliotoka kwa wagonjwa. Mwaka 1946 wenye usugu kwa penisilini walikuwa kama 14 katika kila 100. Mwaka 1947 wakawa 38. Mwaka 1948 wakawa 59. Miaka miwili tu! Barber alieleza vizuri: si kwamba kila bakteria alijifunza upya. Wachache wenye mkasi walikuwepo tangu mwanzo. Dawa ikawaua wenzao, wao wakabaki na nafasi yote, wakazaana, wakasambaa hospitalini kutoka kwa mtu hadi mtu.

Na walioumia ni sisi. Miaka ya 1950, kuanzia Australia, aina moja ya stafilokoka sugu ilisambaa kwenye wodi za watoto wachanga. Vichanga wakatoka vipele vya usaha, kina mama wakapata majipu ya matiti.

Wanasayansi wakatengeneza methisilini, ambayo mkasi ule hauikati. Ikaanza kutumika mwaka 1960. Mwaka 1961 Patricia Jevons wa Uingereza akaripoti stafilokoka wasioiogopa. Hawa walikuja na mbinu nyingine: wameleta fundi mpya, ambaye dawa haimgandi mkononi.

Mbaya zaidi, watafiti wa Japani walikuwa wameshagundua, wakichunguza bakteria wa kuhara damu, kwamba usugu unaweza kugawanwa. Bakteria mmoja anampa mwenzake kipande kidogo cha maelekezo ya kujikinga, hata kama si wa aina yake. Ndivyo mkasi ulivyotembea dunia nzima.

Ukafika kwetu pia. Utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002 kwa watoto waliolazwa na dalili za uambukizo mkali ulionyesha kwamba wenye bakteria fulani kwenye damu, ndugu za wale wa tumboni, walifariki kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenye malaria. Na usugu wa dawa ulichangia vifo hivyo.

Sasa kwa nini nakueleza haya yote? Kichanga akiletwa na uambukizo mkali, kwa kawaida tunamwanzishia sindano mbili, na moja ni ampisilini. Ndiyo ya ukoo huu huu. Ikishindwa, tunapoteza saa au siku tukitafuta nyingine, na kichanga hana siku za kupoteza.

Kwa hiyo mama:

✅ Mafua na kikohozi cha kawaida havihitaji antibayotiki. Lakini mtoto akihema haraka, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au akidegedeka, usingoje kesho. Mlete.

✅ Ukiandikiwa, mpe kwa kipimo na kwa siku ulizoambiwa. Usipunguze ili ibaki akiba.

✅ Chupa ya kaka yake usimpe mdogo mtu.

✅ Usiende duka la dawa kuomba "ile kali zaidi". Mrudishe apimwe.

✅ Nawa mikono kwa sabuni, nyonyesha, kamilisha chanjo. Mtoto asipoambukizwa, dawa haihitajiki.

Sehemu ya 5 tutaongelea namna ya kuchanganya dawa ya unga ya chupa na kupima kijiko sahihi. Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Mlale salama.