Ufa wa Kioo na Mkono wa Fundi

Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, lakini halituambii ufa uzibwe kwa kitu gani. Hapa twapenda kueleza habari za dirisha moja la kale, ili sisi tunaotunza lugha na maandishi yake tupate la kujifunza.

Dirisha hilo ni lile kuu la mashariki katika kanisa kuu la York, Uingereza. Mwaka 1405 fundi John Thornton wa Coventry aliandikiana mkataba na wakuu wa kanisa kwamba atalimaliza kwa miaka 3, na kwamba atachora kwa mkono wake mwenyewe. Ujira wake wote ulikuwa pauni 56. Mwaka 1408 kazi ilikwisha: ukuta mzima wa vioo vya rangi, wenye kusimulia tangu kuumbwa kwa ulimwengu hata Ufunuo wa Yohana.

Vioo vya zama hizo vilifanywa kwa mchanga na majivu ya miti, vikatiwa rangi kwa madini. Nyuso na mikunjo ya nguo zilichorwa juu yake, kisha vikachomwa tanurini ili mchoro ushikamane. Vipande viliunganishwa kwa risasi. Adui wa kioo cha namna hiyo ni maji, kwani unyevu hukila polepole.

Kwa karne nyingi, kipande kilichopasuka kiliungwa kwa risasi. Nia ilikuwa njema. Walakini risasi haipitishi nuru. Kila ufa uliozibwa uligeuka mstari mweusi, ukakata uso wa malaika au mkono wa mtakatifu. Penye pengo palitiwa vioo vilivyotoka kwingineko. Hata ikawa vigumu kuisoma hadithi.

Mwaka 2008 dirisha lilishushwa, likiwa na paneli 311, likakabidhiwa mafundi wa York Glaziers Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1967. Waliondoa risasi nyingi za viraka, wakaunga nyufa kwa gundi angavu. Upande wa nje walitia kioo cha pili, kizuie mvua pamoja na miale ya jua idhuruyo gundi. Kazi ilikamilika mwaka 2018.

Yaweza kuulizwa: je, viraka vile vya kale navyo si historia? Naam, ni historia. Ndiyo maana havikuondolewa kabla ya kuchunguzwa na kuandikwa, ili ajaye ajue lipi ni la Thornton na lipi ni la waliomfuata.

Basi, walimu wenzetu, tunaponakili utenzi wa kale tukakuta neno tusilolielewa, tusiliondoe tukatia letu kimyakimya. Neno la mtunzi libaki mahali pake, na rai yetu tuiandike pambizoni. Mtengenezaji mwema huziba ufa, asiizibe nuru.