Watoto waliolala kimya Brixton: sheria ya ulezi ilivyoanza

Machi 2023, waraka wa Kamishna wa Elimu wa Tanzania ulipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo anahitaji kulelewa na familia yake. Wazazi waligawanyika. Wapo walioshukuru, na wapo waliouliza: mama anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi samaki soko la Feri, Dar es Salaam, amwache wapi mwanawe?

Swali hilo liliwahi kulitikisa Bunge la Uingereza zaidi ya miaka 150 iliyopita, na majibu yaliyotolewa wakati ule bado yanaonekana katika sheria nyingi za ulezi duniani.

Katika London ya miaka ya 1860, mtumishi wa ndani aliyepata mimba nje ya ndoa alifukuzwa kazi mara tu tumbo lilipoonekana. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilikuwa imemrahisishia baba wa mtoto kukwepa matunzo. Mama alilazimika kurudi kazini, na ili arudi, alihitaji mtu wa kukaa na kichanga. Watu hao walijitangaza magazetini. Wengine walitoza shilingi chache kwa wiki. Wengine walimchukua mtoto moja kwa moja kwa malipo ya mkupuo, mara nyingi paundi 5, na mama hakuulizwa tena kitu.

Malipo ya mkupuo ndiyo yaliyokuwa hatari. Fedha zikishalipwa, kila chupa ya maziwa aliyokunywa mtoto ilikula faida ya mlezi.

Mwanahistoria George Behlmer, aliyeandika kitabu kuhusu vita vya Waingereza dhidi ya ukatili kwa watoto kati ya 1870 na 1908, anampa nafasi kubwa daktari Ernest Hart, mhariri wa British Medical Journal. Mwaka 1868 Hart alitoa tangazo gazetini akijifanya anatafuta mlezi wa mtoto. Majibu yalimiminika, zaidi ya 300. Alimtuma daktari mwenzake kuchunguza baadhi ya walioandika, kisha akachapisha waliyoyakuta. Serikali haikushtuka.

Ilishtuka miaka miwili baadaye. Maiti za vichanga zilikuwa zikiokotwa mitaani Brixton, kusini mwa London, na sajenti wa polisi aitwaye Richard Relf akapewa kazi ya kutafuta zilikotoka. Alimpata mzee mmoja ambaye binti yake alikuwa amejifungua, na mjukuu akakabidhiwa kwa mama aliyejitangaza gazetini. Kwa kufuata tangazo hilo, Juni 1870 Relf alifika katika nyumba ya Margaret Waters na dada yake, Sarah Ellis.

Kilichomshtua Relf kwanza ni ukimya. Vichanga vitano vilikuwa vimelazwa pamoja kwenye kochi, vimefunikwa, na hakuna kilicholia. Mjukuu wa yule mzee alikuwa ngozi na mifupa. Ndani ya nyumba ilikutwa chupa ya dawa yenye afyuni, na maziwa waliyonyweshwa watoto yalikuwa yamechanganywa na maji na chokaa. Mtoto aliyepewa afyuni hulala, hasikii njaa, halii, na majirani hawasikii kitu. Yule mjukuu alipelekwa kwa mama mwingine wa kumnyonyesha, lakini alifariki kabla mwezi haujaisha.

Waters alinyongwa Oktoba 11, 1870. Ellis alifungwa miezi 18.

Kabla ya mwaka kwisha, Hart na madaktari wenzake walikuwa wameanzisha chama cha kulinda uhai wa vichanga, na mwaka 1871 mbunge William Charley akapeleka muswada bungeni. Muswada ulitaka kila anayelea kichanga kwa malipo asajiliwe na akaguliwe. Mtu angetarajia upite bila kelele. Kilichofuata ni ugomvi mkali, na waliosimama kuupinga walikuwa wanawake watetezi wa haki za wanawake, akiwemo Lydia Becker wa Manchester, mhariri wa jarida la kudai kura kwa wanawake.

Ni rahisi leo kuwalaumu, lakini hofu yao ilikuwa na msingi. Tangu 1864 Uingereza ilikuwa na sheria zilizoruhusu polisi wa miji yenye kambi za jeshi kumkamata mwanamke waliyemshuku kuwa kahaba na kumlazimisha apimwe maradhi ya zinaa. Wanawake hao walikuwa katikati ya mapambano dhidi ya sheria hizo. Sasa waliona serikali ileile, yenye wabunge wanaume watupu, ikitaka kuingia hadi chumbani kwa jirani anayeshika mtoto wa mwenzake aliyekwenda kiwandani. Walieleza katika chapisho lao kwamba walezi maskini wasio na hatia wangefungiwa riziki, na akina mama wangekosa pa kuacha watoto. Walidai mzizi wa vifo ni ufukara wa mama na baba anayekimbia wajibu.

Madaktari walikuwa sahihi kwamba mtoto asiyejua kusema anahitaji mtu wa nje wa kumwangalia. Wanawake walikuwa sahihi kwamba mkaguzi peke yake hamletei mtoto maziwa. Laiti pande hizo mbili zingekaa meza moja! Badala yake Bunge liliunda kamati, muswada ukapunguzwa makali, na sheria ya 1872 ikatoka na matundu. Ilimhusu mtu anayelea zaidi ya kichanga kimoja cha chini ya mwaka mmoja, kwa malipo, kwa zaidi ya saa 24. Mwenye kulea mmoja mmoja hakuguswa, wala anayelea mchana tu. Na London, jiji la mamilioni ya watu, kazi ya ukaguzi ilikaa kwa miaka mikononi mwa mkaguzi mmoja.

Matundu hayo yalimpitisha Amelia Dyer, mlezi wa malipo aliyenyongwa Juni 1896 baada ya vichanga kuopolewa kutoka Mto Thames. Mwaka uliofuata sheria ikapandisha umri wa watoto wanaolindwa hadi miaka mitano, na mwaka 1908 mlezi wa mtoto mmoja naye akaingizwa. Mlezi wa mchana alisubiri hadi 1948.

Kwa upande wetu, Tanganyika ilipata sheria yake ya watoto na vijana mwaka 1937, wakati wa ukoloni, na makao ya watoto yakatungiwa sheria mwaka 1968. Vituo vya kulelea watoto mchana vilipata sheria yake mwaka 1981. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ikazifuta sheria hizo za zamani na kuziunganisha. Mwenye kutaka kuendesha kituo anaomba kibali kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, MMMAM.

Maandishi yapo, na ni mazuri. Lakini kibali kinamfikia mwenye jengo lenye uzio na bembea. Mama wa uswahilini anayeshika watoto wanane wa majirani katika chumba kimoja, kwa malipo ya kutwa, haonekani kwenye daftari lolote, na ndiye anayebeba watoto wa wachuuzi, wapishi na wafanyakazi wa ndani. Maofisa ustawi wa jamii ni wachache mno kumtembelea. Akitokea mtoto kuumizwa, tunalaani, kituo kinafungwa, na kesho yake wale waliobaki wanapelekwa chumba kingine kisichojulikana zaidi.

Sheria ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyanyaswa wajibu wa kuzitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na simu namba 116 hupigwa bure. Lakini mtu anayejua kwamba kuripoti kutamwacha mama wa mtoto bila kazi atasita. Halmashauri inayomtoza mchuuzi ushuru sokoni ina uwezo wa kumtengea mwanawe chumba palepale sokoni, na mlezi aliyepata mafunzo. Na yule mama wa watoto wanane anaweza kuandikishwa kwa ada anayoimudu, apewe mikeka, maji safi na mafunzo, kabla hajapelekewa polisi.