Ultrasaundi ya Nyuzi Sauti Kabla na Baada ya Upasuaji wa Tezi ya Shingo

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, na uvimbe wake hujulikana kama goita au rovu. Nyuma ya tezi hiyo, kulia na kushoto, hupita mishipa miwili ya fahamu inayoendesha nyuzi sauti. Kwa sababu hiyo, hali ya nyuzi hizo inapaswa kufahamika kabla ya upasuaji wa tezi na baada yake.

Nyuzi sauti hufunguka mtu anapovuta pumzi na hukutana anapozungumza. Mshipa mmoja ukijeruhiwa, uzi wa upande huo hupooza. Sauti huweza kukwaruza na mgonjwa kupaliwa anapokunywa maji. Mishipa yote miwili ikijeruhiwa, nyuzi huweza kubaki zimekaribiana na kuziba njia ya hewa.

Sauti peke yake si kipimo cha kutosha. Wapo wagonjwa ambao uzi mmoja umepooza kutokana na saratani ya tezi au upasuaji wa awali, lakini huzungumza kama kawaida kwa kuwa uzi wa pili hufidia. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, jeraha katika upande uliobaki mzima huhatarisha maisha. Daktari akilifahamu hilo mapema huweza kubadili mpango wa upasuaji.

Njia iliyozoeleka ya kuchunguza nyuzi hizo ni kamera nyembamba inayopitishwa puani hadi kooni. Ultrasaundi haiingizi kitu mwilini wala haitumii mionzi. Mgonjwa hulala chali, shingo ikiwa imeinuliwa kidogo, hupakwa jeli, na kifaa cha kupimia huwekwa juu ya kikoromeo. Huombwa apumue taratibu, kisha atamke sauti ndefu ya “iii”, huku mtaalamu akitazama iwapo nyuzi zote mbili zinasogea kwa ulinganifu. Kipimo huchukua dakika chache, na mashine ni ileile inayotumika kuchunguza tezi.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka. Kadiri umri unavyosonga, hasa kwa wanaume, gegedu la koromeo hukakamaa na kuzuia mawimbi ya ultrasaundi. Nyuzi zisipoonekana vizuri, au mwendo wake ukitiliwa shaka, uchunguzi wa kamera hubaki kuwa wa lazima.

Baada ya upasuaji, sauti huweza kukwaruza kwa siku chache kutokana na mpira wa kupumulia uliotumika wakati wa nusu kaputi. Ultrasaundi husaidia kutofautisha hali hiyo na jeraha la mshipa. Mshipa usiokatwa mara nyingi hupona ndani ya wiki au miezi kadhaa, na mazoezi ya sauti husaidia. Mgonjwa anayepumua kwa shida au kwa mlio baada ya upasuaji anahitaji huduma ya dharura mara moja.