Zhovkva: Mji uliochorwa kabla ya kujengwa

Miji mingi huanza na kisima, gulio au njia panda, kisha nyumba zikafuatana kadiri watu wanavyoongezeka. Zhovkva, mji mdogo wa magharibi mwa Ukraine, ulianza na mchoro. Mwaka 1597 Stanisław Żółkiewski, jemadari wa dola ya Poland na Lithuania, aliamua kwamba palipokuwa na kijiji cha Vynnyky pajengwe mji wenye jina lake, na kila kitu kipangiwe mahali pake tangu mwanzo: ngome upande mmoja, kanisa upande wa pili, uwanja wa soko katikati, na ukuta wenye malango ukizunguka vyote.

Mji huo uko kilomita zipatazo 25 kaskazini mwa Lviv, na wakazi wake hawafiki 15,000. Sehemu yake ya kale mgeni huimaliza kwa miguu asubuhi moja. Hata hivyo, ndani ya eneo hilo dogo kuna ngome, makanisa ya Kikatoliki ya ibada mbili, monasteri, sinagogi la karne ya 17 na kanisa la mbao lililomo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Utajiri huo ndio unaoupa mji matumaini ya kuishi kwa utalii. Ndio pia unaouletea swali gumu, kwa kuwa wengi wa waliojenga majengo hayo hawana tena wajukuu pale mjini wa kuyatunza.

Ndoto ya jemadari

Żółkiewski hakulibuni wazo hilo mwenyewe. Wasanifu wa Italia walikuwa wameshaandika vitabu juu ya mji kamili, wenye vipimo vinavyolingana na mitaa inayofuata hesabu. Jan Zamoyski, bwana mkubwa aliyemlea Żółkiewski katika siasa na vita, alitangulia mwaka 1580 kwa kuanzisha mji wa Zamość, ambao leo uko Poland, akimtumia msanifu Mwitalia Bernardo Morando. Mwanafunzi akaufuata mfano wa mwalimu. Mwaka 1603 Mfalme Sigismund III akaipa Zhovkva sheria ya Magdeburg, iliyowaruhusu wenyeji kuwa na baraza lao, mahakama yao na siku za soko.

Mpango huo ulikuwa wa biashara kama ulivyokuwa wa fahari. Mafundi na wafanyabiashara walihitajika, nao wakaja Wapolandi, Warutheni ambao ndio mababu wa Waukraine wa leo, Wayahudi na Waarmenia. Pembezoni mwa uwanja zilijengwa nyumba zenye baraza za matao, ambapo mchuuzi aliweza kuuza bidhaa zake bila kuhofia mvua wala theluji. Baadhi ya matao hayo yangalipo.

Mwanzilishi mwenyewe aliishi maisha ya farasi na upanga. Mwaka 1610 aliyashinda majeshi ya Urusi na Sweden huko Klushino, akaingia Moscow, na mwaka uliofuata Tsar Vasily Shuisky akaonyeshwa Warsaw akiwa mateka. Mwaka 1620, akiwa mzee, aliuawa katika vita vya Cecora dhidi ya Waturuki. Kichwa chake kilipelekwa kwa Sultani mjini Istanbul, na jamaa zake wakalazimika kulipa fidia ili kukirudisha. Alizikwa katika Kanisa la Mtakatifu Lorenzo, lile alilolianzisha kwenye uwanja wa mji wake.

Enzi ya Sobieski

Kilele cha Zhovkva kilifika wakati wa kitukuu wake, Jan III Sobieski, aliyechaguliwa kuwa mfalme mwaka 1674. Jina lake lilivuma Ulaya nzima Septemba 12, 1683, alipoongoza majeshi ya muungano kuwaondoa Waturuki waliokuwa wameuzingira mji wa Vienna. Ingawa makao makuu ya dola yalikuwa Warsaw, mfalme huyu aliipenda ngome ya Zhovkva na kuifanya mojawapo ya makazi yake makuu. Aliikarabati, akaipamba, na kwa ajili ya Kanisa la Mtakatifu Lorenzo akamwagiza mchoraji Martino Altomonte picha kubwa mno za vita vya Vienna na Parkany. Miaka mingi baadaye, katika zama za Kisovieti, picha hizo ziliondolewa ukutani zikaingia katika hazina ya jumba la sanaa la Lviv.

Chini ya kivuli cha mfalme, kila jumuiya ilijenga cha kwake. Wayahudi walianza sinagogi lao mwaka 1692 kwa idhini na msaada wake. Kuta zake nene zilikusudiwa kwa sala na kwa ulinzi pia, maana lilikuwa karibu na ukuta wa mji. Katika miaka hiyohiyo mchapaji Uri Phoebus Halevi alihama kutoka Amsterdam, akapewa ruhusa ya kufungua mtambo wa vitabu vya Kiebrania, na kwa vizazi vilivyofuata jina la mji huu mdogo likasomeka kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vya sala na sheria katika nyumba nyingi za Kiyahudi za Ulaya Mashariki.

Kwa upande wa Wakristo wa ibada ya Mashariki, mchoraji Ivan Rutkovych aliongoza kundi la mafundi wa ikoni waliothubutu kuzipa sura takatifu uhai na rangi za kidunia. Ukuta wa ikoni alioufanya kati ya 1697 na 1699 sasa uko Makumbusho ya Taifa ya Andrey Sheptytsky mjini Lviv. Kazi ya wafuasi wake inaonekana papo hapo Zhovkva, katika kanisa la mbao la Utatu Mtakatifu lililojengwa mwaka 1720. Mwaka 2013 UNESCO ililiorodhesha pamoja na makanisa mengine 15 ya mbao ya eneo la Milima ya Carpathia, nusu yake yakiwa Ukraine na nusu Poland.

Baada ya ukoo wa Sobieski, mambo yalianza kuteremka. Tsar Peter I wa Urusi alikuwa amepita hapo majira ya baridi ya 1706 hadi 1707, akipanga na majenerali wake namna ya kumkabili mfalme wa Sweden. Mji ukaangukia mikononi mwa ukoo wa Radziwiłł, na mwaka 1772 eneo lote likachukuliwa na Austria. Katika karne ya 19 ngome alimokuwa akikaa mfalme ilichakaa, na sehemu zake zikabomolewa.

Jina la rubani

Septemba 8, 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado changa, rubani Mrusi Pyotr Nesterov aliiona ndege ya Austria ikipeleleza juu ya Zhovkva. Hakuwa na bunduki ya kuitungulia, basi akaigonga kwa ndege yake. Wote waliokuwamo angani walikufa. Huyu ndiye aliyekuwa amezungusha ndege duara zima angani mjini Kyiv mwaka mmoja kabla, na utawala wa Kisovieti ulimfanya shujaa wake: mwaka 1951 ukalifuta jina la Zhovkva na kuuita mji Nesterov. Jina la zamani lilirudi mwaka 1992, baada ya Ukraine kujitawala.

Kutoka Zhovkva hadi Arusha

Mtoto wa Zhovkva ambaye kazi yake ilifika Afrika Mashariki hakuwa jemadari wala rubani. Hersch Lauterpacht alizaliwa hapo Agosti 16, 1897 katika familia ya Kiyahudi. Alisoma sheria Lviv, Vienna na London, akawa profesa wa Cambridge na hatimaye jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 1945, wakati Robert Jackson wa Marekani akiandaa mashtaka dhidi ya viongozi wa Wanazi, Lauterpacht ndiye aliyemshauri aina moja ya makosa iitwe uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kosa hilo likaingia katika hati ya mahakama ya Nuremberg ya Agosti 8, 1945.

Zaidi ya nusu karne baadaye, wazo hilo lilisikika katika vyumba vya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mjini Arusha. Septemba 2, 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari na kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kosa la kwanza lilipewa jina na Raphael Lemkin, mwanasheria aliyesoma chuo kilekile cha Lviv. Mwandishi na mwanasheria Philippe Sands, ambaye mama mzaa babu yake alitoka Zhovkva, aliwakutanisha Lauterpacht na Lemkin katika kitabu chake cha mwaka 2016, kilichochukua jina lake kutokana na mtaa wa mji huu.

Lauterpacht alipokuwa akishauri mashtaka hayo, wazazi wake na karibu jamaa zake wote waliobaki nyuma walikuwa wameshauawa. Mjini Zhovkva kwenyewe, Machi 25, 1943, Wayahudi wapatao 3,500 walipelekwa msituni na kupigwa risasi. Wanazi walijaribu kulilipua sinagogi mwaka 1941. Paa na mapambo yakaharibika, lakini kuta zikasimama. Baada ya vita Wapolandi nao wakahamishiwa magharibi. Utawala wa Kisovieti uliokuja ulikuwa na makaburi yake: mwaka 2002 mifupa ya zaidi ya watu 200 ilikutwa chini ya monasteri ya Wabasili, iliyowahi kushikwa na polisi wa siri.

Mji na mustakabali wake

Kuyatunza majengo yaliyoachwa na jumuiya hizo ndiyo kazi ya leo. Tangu mwaka 1994 sehemu ya kale ya mji ni hifadhi ya serikali ya historia na usanifu, na haitoshi tena kwa mwenye nyumba kutaka tu kubadilisha madirisha yake. Kanisa la Mtakatifu Lorenzo limekarabatiwa kwa msaada mkubwa wa Poland. Sinagogi, lililotajwa mwaka 2000 na Mfuko wa Dunia wa Kumbukumbu za Kihistoria miongoni mwa majengo yaliyo hatarini, limefanyiwa kazi kwa vipande, na wazo la kuligeuza makumbusho ya Wayahudi wa Galicia, yaani eneo hilo lililokuwa la Austria, lingali likisubiri fedha. Ngome nayo inafufuliwa bawa moja baada ya jingine.

Kijiografia mji una bahati: barabara inayotoka Lviv kwenda mpakani Rava-Ruska hupita hapo, na Zamość, dada yake mkubwa, uko ng'ambo ya mpaka. Tatizo ni kwamba mgeni hufika na basi kutoka Lviv, hupiga picha, hula chakula cha mchana na kuondoka kabla ya jua kutua. Mji unaotaka kuishi kwa historia yake unahitaji vitanda, waelekezi na sababu ya mtu kulala.

Vita ya Urusi dhidi ya Ukraine imeongeza uzito. Anga la Ukraine limefungwa kwa ndege za abiria tangu Februari 24, 2022, na Machi mwaka huo makombora yaliipiga kambi ya mafunzo ya Yavoriv, katika mkoa huohuo wa Lviv. Badala ya watalii, mkoa ulipokea wakimbizi wa ndani kutoka mashariki, na fedha za ukarabati zikashindana na mahitaji ya walio mstari wa mbele.

Kwa hiyo mpango wa maendeleo wa Zhovkva utapimwa kwa mpangilio wa matumizi yake. Ngome ya mfalme ina watetezi wengi, kwa kuwa ni rahisi kuiuza kwa wageni. Sinagogi halina waumini wa kulipigia kelele, na kila msimu wa theluji huongeza nyufa zake. Mji ukilitengeneza hilo kwa bidii ileile, utakuwa umeirudia hesabu ya mwaka 1597: kwamba kila jumuiya ina nafasi yake kwenye ramani, na nafasi hiyo haifutwi kwa sababu wenyewe waliuawa au kufukuzwa.