Kutoka Alupe hadi Sukulu: njia ya mbung'o

Vijana wengi wanaopita barabara ya Busia–Malaba wanaijua Alupe kwa chuo kikuu chake. Wazee wa Kiteso wanaikumbuka kwa jambo jingine: hapo ndipo mgonjwa wa malale alipopelekwa akiwa amechelewa. Hospitali ya rufaa ya malale ya Kenya ilikuwa hapo, chini ya KETRI, taasisi iliyozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kabla ya hapo utafiti wa ugonjwa huu ulikuwa na makao upande wa pili, Sukulu, nje kidogo ya mji wa Tororo, katika shirika la pamoja lililoitwa EATRO. Kati ya vituo hivi viwili ndipo ilipo Mella, mpakani kabisa. Nilitaka kuona yale yaliyojulikana Sukulu na Alupe yaliwafikiaje watu wa katikati.

Hadi mwaka 1902 hapakuwa na mpaka wa kuvuka hapa. Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea hadi upande wa Naivasha, kisha likakatwa na kupewa utawala uliokuja kuwa Kenya. Waiteso wakabaki huku na huku, na ng'ombe wao vivyo hivyo. Wakati huohuo, malale yalikuwa yanafagia Busoga na mwambao wa Ziwa Viktoria. Ndugu wawili madaktari, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza Mengo mwaka 1901. Miaka miwili baadaye David Bruce na wenzake, wakiwa Entebbe, walionyesha kwamba anayeeneza ni mbung'o. Kufikia wakati huo watu walikuwa wanakufa kwa makumi ya maelfu. Makadirio ya kawaida ya janga lote ni zaidi ya 200,000. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka ufukweni, kiasi cha maili 2. Ujumbe wa kwanza wa serikali kuhusu mdudu huyu ulikuwa amri ya kuhama, na sidhani eneo hili limewahi kuisahau sauti ile.

Lililokuja kubadilisha kila kitu lilitoka kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1960 malale yalizuka Alego, Nyanza. Onyango, van Hoeve na de Raadt, watafiti wa EATRO, walichukua vimelea kutoka kwa ng'ombe mmoja wa huko, wakamwambukiza mtu aliyejitolea, naye akaugua. Waliandika matokeo mwaka 1966: ng'ombe wa nyumbani anaweza kubeba malale ya binadamu bila kuonekana mgonjwa sana. Kwa mfugaji habari hii ni kubwa kuliko zote. Nzi anayemuuma mwanao mtoni huenda aliwahi kula kwenye zizi lako mwenyewe. Lakini ilikaa miaka mingi katika majarida ya kitabibu, huku barazani watu wakiendelea kuambiwa habari za vichaka.

Vichaka vilikuwa na sehemu yake, hilo silikatai. Mbung'o wa huku, *Glossina fuscipes*, hukaa kwenye miti na vichaka vya kando ya mito. Vita na vurugu za utawala wa Amin zilipoacha mashamba yakimea magugu, malale yakalipuka Busoga tangu 1976, na katika miaka ya 1980 ugonjwa ukafika Tororo, kisha Teso upande wa Kenya. Ndipo ikaja mitego. Ukiitazama kwa karibu, ni kitu cha ajabu kwa urahisi wake: kitambaa cha buluu na cheusi, na neti juu kama paa. Mbung'o huvutwa na buluu, hutua penye nyeusi, halafu hupanda kufuata mwanga na kunaswa juu. Okoth, mtafiti wa Uganda, alibuni mitego ya bei nafuu kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, na huko Busoga akawashirikisha wanakijiji wenyewe kuitunza. Hapo ndipo kazi ilipo. Kitambaa kizuri kikitundikwa kichakani bila mwenye mto kuelezwa ni cha nini, hakimalizi msimu. Wizi wa mitego umekuwa kilio cha miradi ya namna hii kote Afrika, na wakubwa wa miradi wakawalaumu wanakijiji kwa ujinga.

Mwanaanthropolojia Salome Bukachi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walipofuatilia wagonjwa wa magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda, waliwakuta wamezunguka kwingi kabla ya kupata jibu: duka la dawa, zahanati, mganga, zahanati tena. Waliambiwa wana malaria, au Ukimwi, au wamerogwa. Wagonjwa hawakukaa nyumbani wakingoja. Walitafuta msaada, na mara nyingi aliyechelewa kutambua ni mhudumu. Malale ya aina ya huku huua ndani ya miezi michache, na yakishafika kwenye ubongo dawa iliyotumika kwa miongo ilikuwa melarsoprol, yenye arseniki ndani yake, iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliochomwa.

Leo ukifika Mella, habari za afya ni za mbu. Na ni haki: Tororo ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi mno duniani, na mwishoni mwa 2014 nyumba zilianza kupulizwa dawa ukutani. Ila chandarua hakimsaidii mtu dhidi ya mbung'o, anayeuma mchana kweupe. Kuna jingine linalonikera zaidi. Zamani mwenye homa alitobolewa kidole, damu ikapakwa kwenye kioo, na mpimaji wa maabara aliyetafuta malaria kwa hadubini angeweza kukutana na vimelea vya malale vikicheza. Sasa kuna kipimo cha haraka cha malaria, kizuri kwa kazi yake, kisichoona kingine. Malale ya huku hayana kipimo chake cha haraka. Homa iliyopimwa ikakosekana malaria inahitaji mtu wa kumwambia mgonjwa, "Mama, nenda ukapimwe kwa hadubini," na awe anajua hadubini iko wapi.

Habari ya ng'ombe ilifika hatimaye, na ilifika kwa bomba la kunyunyizia. Watafiti wa Makerere walijaribu hapahapa Tororo kutibu ng'ombe, kisha kuwapulizia dawa ya wadudu hasa miguuni na tumboni, kwa sababu huko ndiko mbung'o hupenda kuuma. Dawa hutumika kidogo, na robo tu ya ng'ombe wakipuliziwa ilionekana kutosha kuzuia vimelea vya malale. Mfugaji haambiwi awajali nzi wa mtoni. Anaambiwa ng'ombe wake atanenepa na kupe watapungua, na hilo analiona kwa macho yake mwenyewe.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Kenya kuwa imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa nchini alikuwa wa mwaka 2009. Uganda ilithibitishwa mwaka 2022, ila kwa aina nyingine ya malale, ile ya kaskazini-magharibi. Aina ya Tororo bado. Mwaka 1998 ng'ombe waliouzwa mnadani waliipeleka aina hii hadi Soroti, ambako haikuwapo. Minada ya mpakani bado inafunguliwa kila wiki, na anayenunua ng'ombe upande mmoja anaweza kumvusha upande wa pili bila mtu kumuuliza kama mnyama huyo ametibiwa.