Bosi wa Mazingira na Mita 60 za Mto Miyombo

Ukikaa kijiweni kwetu Masanze, njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, ukauliza nani mkuu wa mazingira katika nchi hii, utapewa majibu ya kila aina. Mmoja atasema ni Waziri. Mwingine atasema ni wale jamaa wa NEMC, waliotunyang'anya rambo. Mzee mmoja alinijibu, tena bila kucheka, kuwa mkuu ni mto wenyewe, maana ukikasirika hakuna wa kuubishia. Mimi swali hilo limenikaa kichwani, ndugu msomaji, tangu bibi yangu alipoambiwa ang'oe mchicha wake.

Lakini nisikimbilie mchicha. Tuanze na karatasi, maana sisi wa Kilosa karatasi tunazijua. Si kwetu huku, Msowero, ambako mwaka 1884 Karl Peters alimwekesha Chifu Mangungo alama kwenye mkataba, ardhi ikaenda? Kila mtoto wa shule ameimba hadithi hiyo mpaka ikamtoka puani. Tangu hapo mtu wa huku akiona mgeni kashika faili, moyo humdunda.

Karatasi ninayoitaka leo ni ya mwaka 1983. Ni Sheria Na. 19 ya mwaka huo iliyozaa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Ilikuwa imepita miaka 11 tangu mataifa yakutane Stockholm kuzungumzia mazingira ya dunia, na Baraza lenyewe lilikuja kuanza kazi mwaka 1986. Kazi yenyewe ilikuwa ipi? Kushauri. Basi. Aliyeliongoza Baraza miaka hiyo alikuwa sawa na mshenga: anapeleka maneno, anarudi na majibu, lakini kuoa anaoa mwingine.

Hayo yalionekana waziwazi Rufiji. Mwaka 1997 ilikuja kampuni iliyotaka kuchimba mabwawa ya kufugia kamba kwenye delta, katikati ya mikoko, maelfu ya hekta. NEMC ikaupitia mradi, ikashauri ukataliwe. Serikali ikasikiliza, ikashukuru pengine, na Novemba mwaka huohuo Baraza la Mawaziri likaukubali. Waliokwenda mahakamani walikuwa wanavijiji wa Rufiji wenyewe. Mwisho wa yote mabwawa hayakuchimbwa, na mikoko ikasalimika. Sasa niambie, hapo kiongozi wa mazingira alikuwa nani? Wataalamu walisema kweli, na hilo ni jambo kubwa, siwabezi. Ila kusema kweli bila mamlaka ni kupiga mbiu sokoni siku isiyo ya gulio.

Ndipo ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sheria Na. 20. Hii ndiyo iliyolipa Baraza meno: kukagua, kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, kupiga faini. Mkurugenzi Mkuu akawa mteule wa Rais. Lakini tazama mpangilio wake. Juu yuko Waziri. Pembeni yuko Mkurugenzi wa Mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais. Kisha ndiyo NEMC na bosi wake. Wakuu watatu, mto mmoja! Majina ya waliokalia kiti cha NEMC mnayasikia redioni: Magnus Ngoile, Bonaventure Baya, Samuel Gwamaka, Immaculate Sware Semesi. (Wa kwanza na wa mwisho katika hao niliowataja ni wasomi wa bahari. Sisi wa mito bado tunasubiri zamu yetu.) Magazeti yetu hupenda kuandika nani kateuliwa na nani katumbuliwa, kama vile ni ligi ya mpira. Mimi naona mtu anaongoza kwa kadiri ya rungu alilopewa, na la kutazama ni rungu hilo linamwangukia nani.

Mwaka 2019 rungu lilianguka kotekote. Mwezi Mei NEMC iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa maji ya sumu. Tarehe 1 Juni mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na mama muuza vitumbua akikutwa na rambo lake faini inaanzia shilingi 30,000. Marufuku ile niliipenda, na mitaro ya Kilosa mjini ni shahidi. Lakini mgodi una mawakili. Muuza vitumbua ana kijukuu kinacholia.

Sasa turudi mtoni. Kifungu cha 57 cha sheria ile ya 2004 kinakataza ndani ya mita 60 za mto, ziwa au bahari shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya maji. Sababu tunaijua, tena kuliko waliokiandika. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta na kuimeza Kilosa. Reli ya kati ilikatika, maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Hakuna mtu wa huku anayehitaji semina kuambiwa mto ni nini.

Bibi yangu alikuwa na matuta manne ya mchicha na bamia kando ya Miyombo, ya kiangazi tu. Masika yakija mto unayachukua, naye anasema asante. Wakaja watu wa ofisi moja, sitaitaja, na futi kamba yao. Wakapima hatua chache, wakachoka na jua, wakamwambia ang'oe. Bibi akawauliza, "Wanangu, na lile shamba kubwa lenye pampu kule juu, mmelipima?" Wakasema hilo lina kibali. Je, tuta la mchicha la miezi mitatu ni shughuli ya kudumu? Mimi si mwanasheria, ila Kiswahili najua.

Kinachoniuma ni kwamba sheria hiyohiyo inazitambua kamati za mazingira za kata, kijiji na hata kitongoji. Kamati ya kwetu ipo. Ilikaa chini ya mwembe, wazee wakabishana mpaka jua likazama, bibi naye akiwemo. Wakaamua: hakuna kugusa ukingo wenyewe, hakuna kukata matete wala mikuyu, jembe lisishuke chini ya mkuyu mkubwa, na mwenye pampu aitwe kijijini aeleze. Katibu akaandika yote kwenye daftari la kurasa 96, kisha akauliza muhtasari upelekwe kwa nani. Mtendaji akasema wilayani. Mwingine akasema NEMC. Mwingine akasema kwa Makamu wa Rais moja kwa moja, watu wakacheka. Daftari lilipelekwa wilayani, likapigwa muhuri wa kupokelewa. Mwenye pampu bado hajaja.